Mwaka Tuliopigiana Simu Ukutani

Nilifika Gongoni, mjini Tabora, siku ya arobaini ya Bi. Tatu nikiwa na kilo tano za mchele na miguu iliyovimba kwa safari ya basi, na mtu wa kwanza kunipokea mlangoni alikuwa msichana nisiyemjua, akaniuliza kwa adabu mimi ni nani kwa marehemu. Swali dogo, lakini lilinikwamisha. Sikuwa ndugu wala jirani, na dini zetu ni mbili. Mimi ni Mkristo wa Kimoraviani kutoka kijijini Puge, niliyekuja na kitambaa kichwani kwa heshima ya nyumba. Kabla sijapata la kusema, Rukia, binti wa marehemu, ambaye siku hizi naye ni bibi wa wajukuu, alisema kutoka ndani ya korido, "Mpishe apite, huyo ni mtu wa ukutani." Msichana akanipisha, ingawa niliona wazi kuwa hakuelewa kitu. Nikaketi mkekani pamoja na wanawake wengine, kisomo kikaendelea, na macho yangu yakawa yanarudi kwenye ukuta ule unaotenga sebule na chumba kilichokuwa changu. Wameupaka rangi ya samawati sasa. Bado haufiki darini, kama kuta zote za nyumba zile za zamani, na juu yake bado kuna nafasi ya mkono mmoja ambapo sauti hupita kama haikuzuiwa na kitu.

Walionifahamu wodini miaka yote niliyofanya kazi ya uuguzi wanasema nina mdomo. Ni kweli. Nimewafokea madaktari, nimewanyamazisha ndugu wa wagonjwa waliokuja kumi kitanda kimoja, na siku ya kunisindikiza kustaafu nilizungumza mpaka mshereheshaji akaanza kutazama saa. Nikiwaambia kwamba nikiwa na miaka kumi na tisa sikuweza kutaja jina langu bila kukwama, wanadhani natia chumvi. Basi nawaeleza habari ya chumba kimoja chenye meza ya mninga na watu watatu nyuma yake. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa kidato cha nne vizuri, nikaitwa kwenye usaili wa chuo cha uuguzi, na sehemu moja ya usaili ilikuwa kusoma kwa sauti ukurasa mmoja wa Kiingereza. Mstari wa kwanza tu ulikuwa na neno responsibility. Nikasema re. Nikasema re tena. Nikasema re mara nyingi sana, mpaka mmoja wao akageuza uso kutazama dirishani, kwa huruma nadhani, na huruma ile ikaniumiza kuliko kama angecheka. Mwenyekiti, daktari mrefu mwenye miwani, aliniambia kwa upole kwamba maksi zangu ni nzuri lakini muuguzi husoma maagizo ya daktari mbele ya wenzake, na akikwama pale kwenye kipimo cha dawa, anayeumia ni mgonjwa. Nirudi mwaka ujao, akasema, na itakuwa mara ya mwisho. Chuo hakimsaili mtu mara tatu.

Ndivyo nilivyopata mwaka mmoja, na mwaka huo nilikaa kwa Bi. Tatu. Shangazi yangu alikuwa akimpelekea asali kwa muda mrefu, wakazoeana, akamwomba anipe chumba huku nikijiandaa. Bi. Tatu alikuwa na miaka arobaini na kitu wakati huo, mjane, mwembamba, mwenye kucha zilizotiwa hina na sauti ambayo mji mzima uliijua kuliko ulivyoijua sura yake. Alikuwa mpiga mitambo wa simu za mbali. Ukitaka kuzungumza na Kigoma au Mwanza au Dar es Salaam, ulipita kwanza masikioni mwake. Na laini ikiwa mbaya, jambo lililokuwa la kawaida msimu wa mvua, watu wa maofisini hawakuhangaika kupiga kelele wenyewe, walimpa Bi. Tatu ujumbe wao kwenye karatasi, mara nyingi kwa Kiingereza chenye maneno marefu wanayoyapenda watu wa maofisini, naye akaufikisha upande wa pili huku radi zikipasuka sikioni mwake. Alipenda kusema kwamba babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani kwa miguu, na kwamba waya wa simu ulipita sehemu kubwa njia ileile ya misafara. "Yeye alibeba begani, mimi nabeba mdomoni," alikuwa akisema, kisha anacheka mwenyewe, maana alikuwa amelisema mara nyingi.

Wiki ya kwanza hatukuzungumza sana. Nilimwamkia shikamoo asubuhi, neno ambalo kwangu lilikuwa na shi nyingi kuliko inavyotakiwa, naye aliitikia marahaba bila haraka na bila kunimalizia, na hilo nililigundua upesi, maana watu wote wengine walinimalizia. Jioni tulikula pamoja uani, samaki, migebuka mikavu iliyokuja na treni kutoka Kigoma, ameiunga kwa nazi, na mimi nikiwa nimechemsha michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, niliyoibeba kutoka nyumbani. Aliitania michembe yangu kuwa ni vigae vya chungu, akaila yote. Nilimjibu kwa kichwa na kwa mabega. Nilikuwa fundi wa kujibu kwa mabega.

Jioni moja, baada ya swala yake ya magharibi, yeye alibaki sebuleni akiwa amelala kwenye kochi na kitambaa cha maji usoni, kichwa kikimuuma kwa kelele za siku nzima, na mimi nilikuwa chumbani kwangu na kitabu. Akaniuliza kwa sauti, kupitia juu ya ukuta, ninasoma nini. Nikamjibu. Nikamweleza kwamba ni kitabu cha usafi wa hospitali, kwamba nimefika mahali pa kuchemsha vyombo, na kwamba picha zake zimefifia. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Magdalena, hebu rudia hayo uliyosema." Nikarudia, na safari hii nikakwama neno la tatu, kwa sababu sasa nilijua kwamba ninasikilizwa. "Si kitu," akasema. "Nimeshakusikia mara ya kwanza. Kumbe ukiwa huonwi unasema." Yeye alizungumza siku nzima na watu asiowaona, na hilo kwake halikuwa jambo la ajabu hata kidogo. Kesho yake alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akaenda moja kwa moja sebuleni, na nikasikia sauti ile ya mitamboni, nyembamba na safi: "Tabora hapa, nakusikia. Una ujumbe?"

Taratibu yao ya kazini ilikuwa hivi, na aliifuata nyumbani bila kupunguza hata chembe. Neno refu halitumwi zima. Unalikata vipande, unatuma kipande kimoja, unanyamaza. Mpokeaji akikipata anasema, "Nimepata." Asiposema, hutumi kinachofuata, hata kama radi itakuweka hapo mpaka chai ipoe. Vipande vikiisha, mtumaji hana kazi tena. Ni mpokeaji anayevifunga pamoja na kulitamka neno zima, ili ijulikane limefika. Jioni ya kwanza nilimtumia neno hospital, nikajikwaa kwenye ho, na kimya cha upande wa pili hakikuwa na uso wa kunihurumia. Kilikuwa kimya cha mtu anayengoja kazi yake. Nikasema hos. "Nimepata." Nikasema pi. "Nimepata." Nilipomaliza jasho lilikuwa limelowesha kola. Maisha yangu yote maneno yalikuwa yakinivunjikia mdomoni bila idhini yangu, na huyu mama alikuwa akiniomba niyavunje mwenyewe, kwa makusudi, mahali ninapotaka.

Lakini kukata si mwisho wa kazi. Kila neno refu la Kiingereza, alinifundisha, lina kipande kimoja kinachobeba uzito, na ukikosea uzito, mtu wa Kigoma hakuelewi hata kama vipande vyote vimefika. Sisi kwetu hakuna shida. Uzito wa Kiswahili una kiti chake, wa pili kutoka mwisho, iwe Tabora, iwe Unyanyembe. Uongeze mkia wowote, soma, somesha, someshana, uzito unasogea na kukaa kwenye kiti kilekile. Ndiyo maana tukiingia kwenye Kiingereza tunaubandika uzito palepale kwa mazoea, na Mtabora anajulikana kwenye waya kabla hajataja mji. "Kila neno lao lazima uligeuze kwanza," alisema Bi. Tatu, "kama mpagazi anavyougeuza mzigo kuona uzito umelalia wapi, ndipo aweke begani." Alinionyesha photograph, uzito uko kichwani. Ongeza er, uzito unaruka kwenye to. Toa er, weka ic, unaruka tena kwenye gra. Alikuwa akipiga kidole kwenye ubao wa kochi, pigo zito kwenye kipande kizito, na mimi nilisikia pigo lile kwa mgongo wangu, maana nilikuwa nimeegemea ukuta.

Nilikuja kuona kwamba aliyajua maneno yale kama fundi anavyojua mbao. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nane, wala hakuwa na kamusi nyumbani. Aliyakusanya sikioni kwa miaka, akayapanga kwa mikia. Kuna mikia yenye nguvu, alisema, na kuna mikia isiyo na nguvu. Ule wa tion una nguvu: ukiuona, usihangaike, uzito unakaa kipande cha mlangoni pake, iwe examination, iwe sterilization, hata neno liwe refu kama treni ya mizigo. Ule wa ity nao hivyohivyo. Lakini ness na ful ni mikia ya bure. Unaifunga, na uzito unabaki ulipokuwa. Na vichwa kama un na dis navyo unavivua kama kofia kuona nani yuko chini yake. Tulifika mahali nikawa nakwenda sokoni huku nikivua watu kofia na kukata mikia kimoyomoyo, na mara mbili nilisahau chumvi. Ninapenda kukumbuka furaha ile. Nilikuwa nimeogopa maneno yale kwa sababu ya urefu wake, na kumbe urefu wenyewe ulikuwa msaada. Neno refu limekwisha kukatika, lina mahali pa kupumulia. Lililonishinda lilikuwa jina langu, ambalo halina mkia wa kushika na ambalo mtu hukuuliza ghafla, akikutazama usoni.

Si kila mtu aliona kama tunafanya jambo la maana. Adhuhuri moja nikiwa ndani nimejilaza, nilimsikia jirani wa upande wa pili, mama mwenye genge la vitumbua, akimwambia Bi. Tatu uani kwamba anapoteza muda wake. Ulimi wa mtoto ukifungwa umefungwa, alisema, na huko Mtendeni yuko mzee anayejua kuufungua, na ikishindikana basi nirudishwe Puge nikalime karanga, kwani karanga hazina Kiingereza. Nilishikilia shuka. Bi. Tatu alikuwa anachambua mchele. Nilisikia ungo ukipetwa mara mbili tatu kabla hajajibu. "Ulimi wake mzima," akasema. "Mimi namsikia kila siku ukutani, na huyo ninayemsikia ni muuguzi. Kilichobaki ni nyie kumwona." Jirani akacheka, wakahamia kwenye habari za harusi. Sikutoka nje mpaka macho yangu yalipokauka. Nimepewa vyeti na barua za pongezi katika kazi yangu, na hakuna hata kimoja nilichokikariri kama sentensi hiyo niliyoisikia kwa kuiba.

Mwezi mmoja kabla ya usaili alianza kunihamisha. Kwanza alifungua mlango wa chumba, tukaendelea kupigiana simu bila kuonana lakini mlango uko wazi. Kisha nikatoa kiti koridoni, nikampa mgongo. Kisha ubavu. Wiki ya mwisho tuliketi uso kwa uso, magoti karibu yagusane, naye akafumba macho ili asinitazame, na mimi nikamtumia ukurasa mzima, naye akipokea, nimepata, nimepata, huku migebuka ikiungua jikoni. Siku ya safari alinipa kanga yake ya doti moja na chupa ya chai ya mchaichai. Nilitaka kumshukuru nikakwama, kwenye neno fupi kabisa la asante, na yeye akangoja mpaka likafika lote.

Meza ilikuwa ileile, na daktari mwenye miwani yuleyule, na pembeni yake mara hii kulikuwa na mama mmoja mnene wa makamo aliyevaa sare ya mkuu wa wauguzi. Wakanipa ukurasa, na sijui kama ni kwa makusudi au ni kwamba hawakuwa na mwingine, ulikuwa uleule wa mwaka uliopita. Nikalitazama lile neno. Nikalivua, nikatafuta mkia, nikaona ity, nikajua uzito uko bi. Nikasema re, safi, mara moja tu. Kisha nikanyamaza. Nikangoja. Wao wakanitazama, nami nikawatazama, na saa ya ukutani ikawa ndiyo inayosema peke yake. Daktari akaanza kuufunga mfuko wa karatasi zangu, taratibu, kama mtu anayefunika mgonjwa shuka. Hapo ndipo nilipogundua nilichokuwa nafanya. Mwaka mzima sikuwahi kutoa kipande cha pili kabla cha kwanza hakijapokelewa, na mwili wangu ulikuwa umekataa kabisa kuvunja taratibu ya kazi.

"Binti," daktari akasema, "basi, inatosha."

"Sijakwama, mzee," nikasema kwa Kiswahili, na sentensi hiyo ilitoka nzima. "Nangoja mseme nimepata."

Mama wa sare akainama mbele. "Mseme nini?"

Nikawaeleza. Nilikwama mara nne au tano katika kueleza, lakini nilieleza yote, ukuta, radi, Kigoma, vipande. Yule mama akaanza kutabasamu kabla sijamaliza. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye hospitali ya mbali, na maagizo ya dawa aliyapokea kwa simu. Daktari hakutabasamu. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaufungua tena ule mfuko. Kisha akaweka mikono mezani na kusema, kwa uzito wote wa cheo chake, "Re nimepata. Endelea." Nikasema spon. "Nimepata." Alinipokea hivyo neno zima, vipande sita, na mwishoni akalitamka mwenyewe kama taratibu inavyotaka. Neno refu lililofuata alilipokea yule mama. Mahali fulani katikati ya ukurasa waliacha kupokea, na mimi sikujua kwamba wameacha, kwa sababu nilikuwa nasoma.

Kigugumizi hakikuisha, wala sipendi kuwadanganya watu kwamba kiliisha. Nilijifunza kukaa nacho nyumba moja. Kwenye jina langu kilibaki kung'ang'ania miaka yote. Kwenye simu nilijitambulisha kwa cheo ili nikwepe. Lakini nilipofundishwa kazi niliona kwamba nilikuwa nimepata kitu ambacho wenzangu hawakuwa nacho. Sikuwahi kumwambia mgonjwa maelezo ya dawa kwa mkupuo. Nilimpa kipande, nikangoja aniambie amepata kwa maneno yake mwenyewe, ndipo nikampa kingine. Wanafunzi wangu walinichoka kwa hilo, baadaye wakawa wanafanya vilevile. Nikija Tabora nilipita kwa Bi. Tatu, si mara nyingi kama ilivyotakiwa, na kila mara nilipobisha hodi alijibu kutoka ndani, hata baada ya mitambo yake kuondolewa na kila mtu kuwa na simu yake mfukoni, "Tabora hapa, nakusikia."

Mara ya mwisho nilipobisha hakujibu mtu. Ilikuwa mwaka jana. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia miezi mitatu kabla, na Rukia alinipokea koridoni akaninong'oneza nisijichoshe, kwani mama haongei tena. Walikuwa wamemkalisha sebuleni kwenye kochi, amekuwa mdogo, hina bado ipo kwenye kucha. Aliponiona, midomo yake ikaanza kuhangaika. Ikatoka sauti moja, ma, na ma tena, na niliiona aibu ikimpanda usoni, aibu ninayoijua kuliko mtu yeyote katika nyumba ile. Rukia akamwinamia. "Magdalena, mama. Ni Magdalena, amekuja kukuona." Alimmalizia kwa mapenzi, na Bi. Tatu akafumba macho. Nilimwomba Rukia anyamaze kidogo. Niliingia kwenye chumba changu cha zamani, ambacho sasa kina magunia na baiskeli ya mjukuu, nikakaa juu ya gunia, nikaegemeza mgongo ukutani. Nikasema kwa sauti, juu, kwenye ile nafasi ya mkono mmoja, "Tabora hapa, nakusikia. Una ujumbe?"

Nikangoja. Kwa mbali nilimsikia muuza maji akipita na mkokoteni, na kijiko cha Rukia kikigonga kikombe, kisha kikaacha.

"Mag," ikasema sauti upande wa pili.

"Nimepata."

Chai ya Rukia ilipoa. Da lilikuja, likarudi, likaja tena, na nikalipokea. Kisha ukaja ule mlio wa kidole kwenye ubao wa kochi, kidole cha mkono wa kushoto, pigo moja zito, na pamoja nalo le, mahali pake hasa. Nimepata, nikasema. Na, akasema, nyepesi kabisa, kama mtu anayetua mzigo.

"Nimepata."

Halafu akanyamaza, na mimi nikakumbuka kwamba mtumaji amemaliza, na kwa taratibu yetu ni mpokeaji anayepaswa kulitamka neno zima. Nikalitamka jina langu, lote, bila kukwama.